Mbolea Ipi Huyeyuka, Ipi Huziba Matone

Mkulima wa umwagiliaji wa matone akinijia na habari kwamba mipira yake imeziba, sianzii kwenye chujio. Humuuliza mambo matatu: alitia mbolea zipi pamoja katika pipa moja, maji aliyatoa wapi, na usiku uliotangulia ulikuwa na baridi kiasi gani. Mara nyingi kiini cha tatizo kimo humo, na wala hahitajiki fundi kukitafuta. Anahitajika mtu anayejua mbolea zake zinavyoyeyuka na zinavyogoma.

Mwongozo huu ni wako wewe unayechanganya mbolea kwenye pipa kabla ya kuipeleka shambani kwa mipira, uwe na robo eka ya nyanya ndani ya kitalu nyumba au eka kumi za pilipili hoho. Anayepulizia mbolea ya majani kwa bomba la mgongoni ataufaidi pia, maana kanuni ni zilezile na tundu la bomba lake huziba vilevile.

Kila chumvi na kikomo chake

Kikemia, mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, za ukoo mmoja na chumvi ya kupikia. Kila chumvi ina pande mbili. Upande mmoja una chembe zenye chaji chanya, kama potasiamu, kalsiamu, magnesiamu au amoniamu. Upande wa pili una chembe zenye chaji hasi, kama naitreti, salfeti, fosfeti, kloridi au kaboneti. Ikiwa kavu, pande hizo zimeshikana. Ikitiwa majini, maji huzizunguka chembe na kuzitenganisha, kila moja ikaelea peke yake. Chembe zikishikana kwa nguvu inayoyashinda maji, chumvi hiyo hubaki chini ya ndoo hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Urea haimo katika ukoo huu, lakini nayo huyeyuka sana, nasi tutaihesabu pamoja na nyingine.

Sasa tazama tofauti zilivyo kubwa. Katika nyuzijoto 20, lita moja ya maji huyeyusha karibu gramu 360 za chumvi ya mezani. Lita hiyohiyo huyeyusha urea inayozidi kilo moja. Naitreti ya kalsiamu nayo huzidi kilo. Salfeti ya amoniamu, ile tunayoiita SA, hufika gramu 750, na salfeti ya magnesiamu ya fuwele hukaribia 700. MAP, yaani fosfeti ya amoniamu nyeupe ya kuyeyusha, hufika 370. Kloridi ya potasiamu, ambayo mfukoni huandikwa MOP, ni 340. Naitreti ya potasiamu ni 316. Halafu inakuja salfeti ya potasiamu, SOP, ambayo wakulima wengi huinunua wakidhani ni sawa na MOP isiyo na klorini: gramu 110 tu, chini ya theluthi moja ya MOP. Baada ya hapo kuna shimo. Jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, huishia kwenye gramu 2 na nusu hivi kwa lita. Chokaa ya mawe, yaani kaboneti ya kalsiamu, katika maji safi haifiki hata gramu 2 kwa lita 100.

Angalia kalsiamu katika orodha hiyo. Ikishikana na naitreti, huyeyuka kwa kilo. Ikishikana na salfeti, huyeyuka kwa gramu. Ikishikana na kaboneti, huyeyuka kwa miligramu. Kwa hiyo ukiulizwa kama kalsiamu huyeyuka, uliza kwanza iko na nani. Karibu makosa yote ya kwenye pipa hutokana na kusahau swali hilo.

Namba zote hizo huna haja ya kuzikariri, ila kanuni chache inafaa uzishike kichwani. Chumvi zote za naitreti huyeyuka vizuri. Chumvi za potasiamu, sodiamu na amoniamu, zile za kawaida shambani, huyeyuka, japo kwa viwango tofauti. Kloridi za mbolea huyeyuka. Salfeti huyeyuka, isipokuwa ile ya kalsiamu inayogoma. Kaboneti na fosfeti hugoma, isipokuwa zikiwa na potasiamu, sodiamu au amoniamu. Fosfeti ya kalsiamu ikiwa katika hali ya asidi nyingi nayo hulegea. Ukiona kalsiamu inakaribia kukutana na salfeti, fosfeti au kaboneti, simama.

Baridi hurudisha mbolea chini

Kikomo cha kuyeyuka hubadilika kwa joto, na kila chumvi hubadilika kivyake. Ya mezani haibadiliki karibu kabisa: gramu 357 kwenye maji ya nyuzijoto sifuri, 390 kwenye maji yanayochemka. Naitreti ya potasiamu ndiyo yenye mwendo mkali. Katika nyuzijoto 30 lita huyeyusha takriban gramu 460, katika 20 gramu 316, katika 10 gramu 210 hivi, na katika sifuri 130 tu.

Ona jambo hilo linavyotokea shambani. Umetia kilo 50 za naitreti ya potasiamu katika lita 200 za maji saa nane mchana, maji yakiwa na joto la nyuzijoto 30. Yote huyeyuka, maji yanang'aa, unafunga mfuniko na kwenda nyumbani. Uko Njombe mwezi wa saba, au Kinangop, au Limuru. Alfajiri maji ya tangi yameshuka mpaka nyuzijoto 10. Sasa lita hizo 200 zinaweza kubeba kilo 42 tu. Kilo 8 zilizobaki zimerudi kuwa fuwele, zimelala chini kama sindano nyeupe, na nyingine zimekaa hasa pale bomba la kunyonyea lilipo. Ukifungua pampu, unanyonya fuwele. Hakuna kilichoharibika katika mbolea hiyo. Ukiipasha moto kwa jua na kukoroga, itayeyuka tena. Lakini ukishaipeleka kwenye mipira, kazi yako imekuwa ya kuzibua tundu kwa tundu.

Kwa sababu hiyo usipange kiasi kwa joto la mchana. Panga kwa joto la maji ya alfajiri ya msimu wenye baridi kuliko yote shambani kwako, kisha tumia robo tatu ya kikomo cha joto hilo. Kipimajoto cha maji si ghali, na kipimo cha alfajiri moja tu chaweza kukuepusha na hasara ya msimu mzima. Kwa mfano wa SOP: kwenye nyuzijoto 10 kikomo ni gramu 93 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 200 zisipewe zaidi ya kilo 14. Wengi hutia mfuko wa kilo 25 mzima, kisha hulalamika kwamba SOP yao ni feki. SOP hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa, maji ndiyo yameshiba.

Baridi nyingine huletwa na mbolea yenyewe. Urea, naitreti ya potasiamu na naitreti ya amoniamu hunyonya joto zinapoyeyuka. Shika pipa kwa nje dakika chache baada ya kumwaga urea, utalihisi limepoa sana. Maji yakipoa, kikomo hushuka, na mbolea iliyokuwa ikiyeyuka husimama kabla haijaisha. Hapo usiongeze nguvu ya kukoroga. Acha pipa juani saa moja au mbili, maji yarudi kwenye joto lake, kisha koroga tena. Kama unayeyusha naitreti ya potasiamu na urea pamoja, anza na naitreti, maana ndiyo inayohitaji joto zaidi. Urea itayeyuka hata maji yakiwa baridi.

Chokaa hufanya kinyume cha haya yote, nayo nitaieleza nikifika kwenye maji ya kisima.

Mbolea mbili katika pipa moja

Sehemu hii isome mara mbili, hasa kama una pipa moja tu.

Mbolea zikishayeyuka, chembe hazikumbuki zilitoka kwenye mfuko gani. Ukiyeyusha naitreti ya kalsiamu pamoja na salfeti ya magnesiamu, majini hakuna tena mbolea hizo mbili. Kuna kalsiamu, magnesiamu, naitreti na salfeti, zote zikielea pamoja, na kila chanya yuko huru kukutana na kila hasi. Magnesiamu akikutana na naitreti hakuna neno. Kalsiamu akikutana na salfeti hushikana naye, wakawa jasi, wakazama.

Tufanye hesabu. Katika lita 100 za maji umetia kilo 10 za naitreti ya kalsiamu na kilo 5 za salfeti ya magnesiamu, vipimo vya kawaida kabisa kwa pipa la nyanya litakalopunguzwa mara mia likiingia kwenye laini. Kila moja peke yake ingeyeyuka bila shida, tena mbali na kikomo chake. Pamoja, salfeti iliyomo inatosha kutengeneza karibu kilo 3 na nusu za jasi, wakati lita 100 za maji zinabeba karibu robo kilo tu. Zaidi ya kilo 3 zitakuwa tope jeupe chini ya pipa.

Hasara hapo ni mbili. Ya kwanza unaiona: chujio limejaa. Ya pili huioni mpaka wiki kadhaa baadaye, nyanya zinapoanza kuoza kitako. Kalsiamu uliyoilipia imelala kwenye tope, mmea haukuipata. Nimeona wakulima wakiongeza dozi ya naitreti ya kalsiamu kwenye pipa lilelile ili kuzuia kuoza huko, na kila walipoongeza, tope nalo likaongezeka.

Lakini rudi kwenye hesabu uone jambo linalofariji. Mchanganyiko uleule ukiwa umepunguzwa mara mia, yaani ndani ya laini inayofika kwenye mmea, jasi inayoweza kutokea ni gramu 0.35 kwa lita, na kikomo ni gramu 2 na nusu. Humo haizami. Kalsiamu na salfeti zinaweza kusafiri pamoja kwenye laini, haziwezi kukaa pamoja kwenye pipa zito. Ndiyo sababu mashamba yenye mpangilio huwa na mapipa mawili, A na B, kila moja likiingiza mbolea yake kwenye bomba kuu ambako maji ni mengi. Pipa A hupewa naitreti ya kalsiamu na chuma cha keleti. Pipa B hupewa salfeti zote na fosfeti zote: salfeti ya magnesiamu, SOP, MAP, MKP (fosfeti ya potasiamu), na madini madogo kama salfeti ya zinki na ya manganizi. Naitreti ya potasiamu haigombani na yeyote kati ya hao, unaweza kuigawa pande zote mbili ili uzito ulingane. Urea vilevile.

Huna pipa la pili? Tumia siku. Leo ingiza naitreti ya kalsiamu peke yake, pitisha maji matupu mpaka laini zote zijae maji safi, suuza pipa, na siku nyingine ingiza salfeti na fosfeti. Mmea hautajali kwamba chakula kimeletwa kwa zamu. Njia hii haigharimu chochote ila nidhamu, na kwa shamba dogo mimi naipenda kuliko kununua vifaa.

Kuna mgongano mwingine usiotajwa mara nyingi, kwa sababu hauhusu kalsiamu. SA na naitreti ya potasiamu, au SA na MOP, zote ni mbolea zinazoyeyuka vizuri sana. Lakini ukizitia pamoja kwa wingi, potasiamu ya moja hukutana na salfeti ya nyingine, na unakumbuka salfeti ya potasiamu huishia gramu 110 kwa lita. Tia kilo 15 za SA na kilo 25 za naitreti ya potasiamu katika lita 100: chembe zilizomo zinaweza kutengeneza karibu kilo 20 za salfeti ya potasiamu, na maji yenyewe yangebeba kilo 11 za SOP iliyo peke yake. Sehemu itazama. Dawa yake ni kuongeza maji au kupunguza dozi, kwa sababu hapa tatizo ni uzito wa mchanganyiko tu. Jambo linalofanana na hilo hutokea unapotia SOP kwenye pipa ambalo tayari lina potasiamu nyingi kutoka kwa MOP: potasiamu iliyotangulia huipunguzia SOP nafasi, nayo huyeyuka chini hata ya kile kikomo chake cha kawaida.

Chuma nacho kina tabia yake. Salfeti ya chuma huyeyuka haraka, lakini ikikaa kwenye maji yenye hewa hugeuka kutu na kuzama, na ikikutana na fosfeti huzama mapema zaidi. Nunua chuma cha keleti, kilichofungwa ndani ya molekuli inayokikinga. Ile ya EDTA inafaa maji yenye asidi kidogo. Maji yakiwa na pH ya juu, ile ya EDDHA hustahimili zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Mifuko isiyofaa kwenye pipa

Si kila mbolea nzuri ni mbolea ya kuyeyusha. CAN ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Mkulima huiloweka, anakoroga, anakuta maji meupe kama uji na tope chini, anahisi ameuziwa mchanga. CAN ya kawaida ni naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na unga wa chokaa au dolomiti kiwandani. Mfuko wa kilo 50 ulioandikwa nitrojeni asilimia 27 una takriban kilo 38 za naitreti ya amoniamu, zinazoyeyuka upesi, na zilizobaki ni chokaa isiyoyeyuka. Chokaa hiyo ina kazi nzuri kwenye udongo. Kwenye matone haina kazi. CAN mwage shambani kwa mkono.

DAP ya chembechembe za kahawia au nyeusi ni hivyohivyo. Fosfeti yake ya amoniamu huyeyuka, lakini chembe za kiwandani hubeba uchafu wa chuma na alumini uliosalia kutoka kwenye mwamba, na wakati mwingine zimepakwa kitu cha kuzuia zisigandamane. Zaidi ya hayo, DAP hupandisha pH ya maji hadi karibu 8, na maji yenye kalsiamu kwenye pH hiyo hutoa fosfeti ya kalsiamu papo hapo. Kwa matone chagua MAP nyeupe ya fuwele laini, ambayo hushusha pH. TSP, yaani fosfeti ya kalsiamu ya chembechembe, iache kwenye mashimo ya kupandia.

Fosfeti ya mwamba, kama ile ya Minjingu inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, majini haiyeyuki kwa kiasi cha kumfaa mmea. Huyeyushwa na asidi ya udongo, pole pole, na ndiyo maana hufanya vizuri kwenye udongo wenye asidi wa magharibi mwa Kenya au wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kidogo sana kwenye udongo wenye chokaa. Ukiona mtu anailoweka kwenye ndoo ili apulizie, mzuie kwa upole.

Maji ya kisima yana chumvi zake

Kabla hujatia chochote, maji yako yana chumvi tayari. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kama ya Unguja na ya Mombasa, yamebeba kalsiamu na bikaboneti kwa sababu mwamba wenyewe ni chokaa. Bikaboneti ya kalsiamu huyeyuka; ndiyo namna chokaa inavyosafiri chini ya ardhi. Lakini maji yakipata joto, hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti hugeuka kaboneti, na chokaa huzama. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai ni huo. Mpira mweusi uliolazwa juani nao hupata moto wa kutosha kufanya hivyohivyo, na kwenye tundu, ambako tone la mwisho hukauka kila siku, ukoko hujengeka tabaka juu ya tabaka. Ndiyo tabia ya chokaa niliyoitaja: wakati naitreti ya potasiamu hupenda joto, chokaa huzama kwa joto.

Jaribu maji yako kwa sufuria. Chemsha lita mbili mpaka zibaki kidogo sana, acha zipoe, tazama. Ukoko mzito mweupe unaotoa povu ukidondoshewa siki ni kaboneti. Ukiweza, peleka maji maabara upate namba. Bikaboneti ikizidi miligramu 120 hivi kwa lita na pH ikizidi 7.5, jua kwamba fosfeti yoyote na kalsiamu yoyote utakayoongeza inaingia kwenye maji yaliyo tayari kuzamisha vitu. Hapo asidi kidogo, ya fosforiki au ya naitriki, huvunja bikaboneti na kuilinda laini. Asidi humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi. Vaa glavu na miwani, na mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu aliyewahi kuifanya. Kipimo cha pH ukilenga kati ya 5.5 na 6.5 kwenye maji yanayofika kwa mmea, karibu mbolea zote zitatulia.

Chupa moja kabla ya pipa

Kila unapobadilisha mbolea, kampuni, au chanzo cha maji, fanya jaribio la chupa. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita inayoonekana ndani. Tia maji yaleyale ya shambani, usitumie ya kunywa. Pima mbolea kwa uwiano uleule wa pipa: kama pipa la lita 100 litapewa kilo 5, nusu lita hupewa gramu 25. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Tia moja, tikisa mpaka iishe, ndipo utie ya pili. Iache usiku kucha mahali pipa litakapokaa, nje kama pipa liko nje, na asubuhi iangalie kabla hujaigusa, ukiielekeza kwenye mwanga.

Maji yakiwa angavu, endelea. Yakiwa na ukungu mweupe unaotulia chini kama unga, chembe zimeshikana, na mbolea hizo zitenganishe. Ukiona fuwele ndefu au za pembepembe zinazoyeyuka chupa ikipata joto mkononi, hapo umevuka kikomo kwa sababu ya baridi, punguza dozi. Yakiwa na vumbi la kahawia lililozama mapema, mbolea ina uchafu au chuma kimegeuka kutu. Utando wa mafuta unaoelea juu ni ile mipako ya chembechembe. Jaribio hili halihitaji elimu ya maabara, nami sijui kingine cha bei hiyo kinachookoa fedha nyingi kiasi hiki.

Kifaa cha kupima EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, nacho ni kizuri, lakini elewa kinachosema. Hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, hakitofautishi kalsiamu na sodiamu. Ukipima mchanganyiko ukaona EC iko chini ya ulivyotarajia, tazama chini ya pipa: huenda sehemu ya mbolea imezama. Urea haionekani kabisa kwenye EC, kwa kuwa haina chaji.

Kuchanganya kwenyewe hakuna mengi. Jaza robo tatu ya maji kwanza, yakiwa yameshapata jua. Kama unatumia asidi, ndiyo itangulie. Mimina mbolea polepole huku mtu mwingine akikoroga, ile inayoyeyuka kwa shida ianze, inayoyeyuka kwa urahisi iwe ya mwisho. Subiri joto lirudi, jazia maji, koroga tena. Bomba la kunyonyea liinuliwe kiganja kimoja kutoka chini ya pipa, ili hata kama kuna kilichozama kisinyonywe.

Laini zikishaziba

Kata kipande cha mpira wenye ukoko, kikwangue ndani, uweke unga huo kwenye kisahani. Dondoshea maji ya vuguvugu. Ukiyeyuka mara moja ilikuwa fuwele za mbolea, naitreti ya potasiamu au SOP, na kupitisha maji ya kutosha mchana wa jua kutasafisha. Usipoyeyuka, dondoshea siki. Ukichemka kwa povu ni chokaa, na laini zitahitaji kuoshwa kwa asidi: pH ya maji hushushwa mpaka karibu 2, yakakaa ndani ya laini nusu saa hadi saa moja, kisha zikasuuzwa kwa maji mengi huku ncha zote zikiwa wazi. Usipotoa povu lakini ukapungua taratibu kwenye asidi kali zaidi, ni fosfeti ya kalsiamu, na dawa ni ileile. Usipoathirika kwa asidi hata kidogo, yaelekea ni jasi. Wengi hapa humwaga asidi zaidi na zaidi bila faida. Jasi huondoka kwa maji matupu, ila kwa subira: kila lita ikipita huchukua gramu mbili hivi, kwa hiyo pitisha maji saa nyingi, siku kadhaa, na gongagonga mipira ukoko ulegee. Utelezi wa kijani au wa kahawia unaonuka si chumvi, ni mwani na bakteria, na huo hutibiwa kwa klorini. Klorini na asidi zisikutane kamwe, hutoa gesi inayoua. Zipishane kwa siku tofauti na usuuzaji wa kutosha katikati. Wala klorini isichanganywe na mbolea zenye amoniamu au urea.

Tope la jasi au la chokaa ulilolikuta chini ya pipa usilirudishe kwenye maji ukidhani litayeyuka safari hii. Lichote kwa kopo, lisambaze kwenye kipande cha shamba chenye udongo mzito au wenye asidi, ulichanganye na udongo kwa jembe. Jasi na chokaa zote mbili zina kalsiamu, nazo mvua ya msimu mzima itazitoa kwa kasi yake. Tope lenye rangi ya kutu na lile lililotokana na madini madogo lizike mbali na kisima.